Ukumbi una ufa: tununue vihisi?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Niko kwenye kamati ya ujenzi ya usharika wetu hapa Uyole, Mbeya. Ukumbi una ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha hadi kwenye linta. Muuzaji mmoja ametuletea vihisi vya kubandika ukutani, anasema vitatuma ujumbe kwenye simu jengo likitaka kuanguka. Tununue?

JIBU: Salama kabisa. Msinunue kwanza. Kihisi hakijui kama jengo linataka kuanguka. Kinapima upana wa ufa, kuinama kwa ukuta au mtikisiko, basi. Kiwango cha kupigia kengele hupangwa na mtu anayejua jengo limebeba mzigo vipi. Muulizeni muuzaji: italia ufa ukifika milimita ngapi, na nani amekokotoa?

Halafu kuna baridi yenu. Bimu ya zege ya mita 12, isiyobanwa, ikipoa kwa nyuzi joto 10 hufupika takriban milimita 1.2. Penye ufa ndipo mwendo huo hujionyesha. Mkianza kupima Machi, hadi Julai mnaweza kuuona unapanuka tu, mkafunga ukumbi, Oktoba ukarudi. Kwa hiyo upana ulioandikwa bila joto la siku hiyo mimi siuhesabu. Wa kuhofia ni ufa ambao mwaka ukizunguka, kwa joto lilelile, umekuwa mpana zaidi.

Kwa ukumbi wenu, skrubu tatu zinatosha: mbili upande mmoja wa ufa, moja upande wa pili, ziwe pembetatu. Pimeni umbali kati yake kwa kalipa (rula yenye taya, inayosoma hata sehemu ya milimita) kila wiki, asubuhi mapema, muandike na joto. Pembetatu itaonyesha pia kama ukuta unateleza, si kupanuka tu. Ncha za ufa wekeeni alama ya penseli na tarehe.

Vihisi vya umeme vina kazi yake kwenye madaraja marefu na mabwawa, ambako presha ya maji chini ya ukuta hufuatiliwa mfululizo na hakuna wa kukaa na kalipa usiku kucha.

Ila zege likibanduka nondo zikaonekana, au bimu ikapasuka mshazari karibu na nguzo, msipime chochote. Toeni watu, mwiteni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Akija, mwonyesheni pia maji ya paa yanamwagikia wapi; kwa ufa wa kona ya dirisha, mimi ningeanza kuchungulia msingi upande huo.