Re: Wasichana na kompyuta, ni maumbile?

Ndugu, unauliza kama mdogo wako wa kike anakwepa kompyuta kwa sababu ya maumbile. Nakataa kabisa. ENIAC, ile kompyuta kubwa ya Marekani iliyozinduliwa 1946, walioiandalia programu walikuwa wanawake sita, wakichomeka nyaya na kugeuza swichi kwa mikono yao. Mwaka 1984 wanawake walizidi theluthi ya wahitimu wa shahada ya kompyuta kule. Kufikia 2010 hawakufika hata moja ya tano. Maumbile gani hayo yanabadilika ndani ya miaka 26? Kompyuta za nyumbani zilitangazwa kama vitu vya wavulana, wakawekewa vyumbani mwao, wakafika chuo wameshazizoea. Binti aliyeanzia sifuri akaonekana hana kipaji, akahama kozi. Huyo mdogo wako mwachie laptop aichokonoe, hata likizo hii.