Mizuka ya kabuki: majibu ya maswali yenu

Wengi mmeniuliza kuhusu picha za Kijapani zilizochapwa kwa ubao, zile za mizuka ya michezo ya kabuki, yaani tamthilia za jadi za Japani. Nasema mizuka, si mapepo: pepo humpanda mtu, mzuka hujitokeza wenyewe.

Yule mwanamke mwenye jicho lililovimba ni nani? (Msomaji, Tanga)

Ni Oiwa, wa mchezo wa Yotsuya Kaidan alioutunga Tsuruya Nanboku wa Nne. Ulichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1825 katika ukumbi wa Nakamura-za mjini Edo, ndiyo Tokyo ya leo. Oiwa ametoka kujifungua na hajapata nguvu. Jirani tajiri anataka Iemon, mume wa Oiwa, amwoe mjukuu wake, basi anamletea Oiwa sumu ya unga akisema ni dawa. Naye anapokea kwa shukrani, anainywa yote, hata chembe haibaki. Uso unaharibika. Akishaujua ukweli, anataka ajitengeneze aende kwa jirani huyo wakaonane uso kwa uso. Anachukua chanuo, anachana, na nywele zinang'oka mafungu kwa mafungu. Mimi tukio hilo hunikaba koo kila nikiliona limechorwa. Mzuka wa Oiwa unatisha kwa sababu tumeshamwona akidhulumiwa.

Nimeona picha yenye kipande cha karatasi cha kufunua. Ni cha nini? (Msomaji, Nairobi)

Hicho ni kifuniko cha mlango! Oiwa akishakufa, Iemon anamuua mtumishi, Kohei, kisha maiti ya Kohei na ya Oiwa zinapigiliwa misumari pande mbili za mlango na kutupwa mtoni. Siku moja anavua samaki, mlango unaelea mbele yake. Upande huu Oiwa, akiugeuza, Kohei. Mwigizaji ni mmoja: mwaka 1825 alikuwa Onoe Kikugoro wa Tatu. Jukwaani mlango huwa na tundu, mwigizaji akapitisha kichwa chake juu ya mwili wa bandia. Kwenye picha, mkono wako ndio unaougeuza.

Mbona mizuka pichani haina miguu?

Ni desturi ya wachoraji wa huko, na wengi humtaja Maruyama Okyo wa karne ya 18 kuwa ndiye aliyeieneza. Jukwaani vazi refu huifanya kazi hiyo.

Mchoraji alichonga ubao mwenyewe?

Kwa kawaida hapana. Mchapishaji alitoa fedha, mchoraji akachora kwenye karatasi nyembamba, mchongaji akaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri na kuchonga humo humo, mchoro wenyewe ukaishia hapo. Kila rangi ilihitaji ubao wake. Mchapaji alisugua mgongo wa karatasi kwa kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi. Lile giza linalofifia taratibu nyuma ya mzuka ni mkono wake, alipofuta wino ubaoni kabla ya kuchapa.

Nianze na ipi? (Msomaji, Muscat)

Mtafute Utagawa Kuniyoshi, picha yake ya mwaka 1851 ya Asakura Togo, aliyeigizwa na Ichikawa Kodanji wa Nne. Togo ni mkuu wa kijiji aliyeuawa kwa kupeleka malalamiko ya wakulima waliolemewa na kodi. Kwenye picha amekwisha rudi akiwa mzuka, yumo chumbani mwa bwana aliyewakamua.