Alama za SAT: usikimbilie kuzificha

Mwaka 2021, baada ya kumaliza kidato cha sita, nilipanda basi la alfajiri hapa Mbeya kwenda Dar es Salaam kufanya SAT, mtihani ambao vyuo vya Marekani hutumia katika kudahili wanafunzi, na hata tulipokuwa tukishuka Kitonga nilikuwa bado nimeng'ang'ania karatasi zangu za msamiati. Nilipata 1390 kati ya 1600: hisabati 740, kusoma na kuandika 650. Kwa sababu ya korona, vyuo vingi vya Marekani vilikuwa vimeacha kulazimisha alama hizo, na nilipoona kwamba wengi wa waliodahiliwa katika chuo nilichokitamani walikuwa na zaidi ya 1500, niliamua kuzificha zangu. Mama, ambaye huuza viazi Mwanjelwa, aliniuliza: "Sasa mwanangu, nauli tumetoa, mtihani umefanya, matokeo unamficha nani?" Nilimwona hajui mambo ya udahili.

Nilikosa nafasi. Siwezi kuapa kwamba uamuzi ule ndio ulioniponza, maana vyuo hivyo huwakataa hata wenye alama za juu kabisa. Hata hivyo, mwaka 2024 chuo cha Dartmouth kilirudisha sharti la mtihani baada ya watafiti wake kubaini kwamba baadhi ya waombaji wa kipato cha chini walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia, kwa kuwa wadahili huzipima kwa kuangalia pia shule na mazingira aliyotoka mwombaji. Mdahili anayepokea maombi kutoka shule ya kata ya Uyole huenda hajui divisheni ya kwanza ya pointi tano ina uzito gani, wala hamfahamu mwalimu aliyekuandikia barua; lakini 740 ya hisabati anaielewa mara moja.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia mtihani, soma masharti ya kila chuo. MIT ilirudisha sharti hilo mwaka 2022 na Harvard mwaka 2024, ilhali Chuo Kikuu cha California hakiangalii kabisa alama za SAT katika udahili. Pale alama zinapokuwa hiari, zilinganishe kwanza na za wenzako wa shuleni, ndipo uzitazame zile za waliodahiliwa.

Mtihani wenyewe sasa hufanywa kwenye kompyuta, na jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, hivyo usiache swali wazi. Programu yake ipakue na uijaribu ukiwa bado nyumbani, siku ambayo umeme upo.