Sun inaita, hakuna anayeitika

SWALI: Shikamoo mjomba. Nimenunua SPARCstation 5, kompyuta ya zamani ya kampuni ya Sun, kwa bei ya chuma chakavu. Haina diski wala sidii, ila inawaka. Nimeichomeka kwenye swichi moja na laptopu yangu ya Linux, nikaandika boot net ili iwake kupitia mtandao. Inarudia tu "Timeout waiting for ARP/RARP packet". DHCP, huduma ya kugawa anwani za IP, nimeshaiwasha. Kadi ya mtandao imekufa?
– Mpwa wako, Morogoro

JIBU: Marahaba mpwa. Usiizike kadi bado. Hiyo DHCP umeiwasha bure, mashine hiyo haiijui. Yenyewe inapaza sauti tu: "Namba ya kadi yangu ni hii, anwani yangu ya IP ni ipi?" Hiyo ndiyo RARP, na sauti yake haivuki rauta. Swichi moja, umefanya vizuri.

Kwanza bonyeza Stop na A, kisha neno ok likitokea kwenye skrini, andika banner mbele yake. Ukiona anwani ya Ethernet (ndiyo namba ya kadi) inaanza na 8:0:20, shukuru. Ukiona ff:ff:ff, betri ya chipu ya NVRAM, inayoitunza namba hiyo, imekwisha, nayo imefungiwa ndani ya chipu yenyewe. Unaweza kuiandika anwani kwa mkono, lakini ukizima umeme imepotea, mpaka ubadilishe chipu.

Sasa laptopu. Kwenye /etc/ethers andika namba ya kadi na jina ulilolipa sanduku lako. Kwenye /etc/hosts, jina hilohilo na IP yake. Washa rarpd, programu inayoijibu RARP. Hapa ndipo mimi niliungua. Nilibadilisha kebo tatu usiku mzima, kumbe rarpd ya Linux huchungulia kwanza folda ya /tftpboot: isipokuta faili ambalo jina lake linaanza na IP hiyo kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), inanyamaza kimya. Haikwambii kitu! Na mimi faili nilikuwa nalo, ila kwa herufi ndogo.

Tuseme umeipa 192.168.1.20. 192 ni C0, 168 ni A8, 1 ni 01, 20 ni 14. Chukua boot.net, faili la kuwashia la NetBSD/sparc (mfumo endeshi wa bure kwa mashine hizi), uliweke kwenye /tftpboot kwa jina C0A80114.SUN4M, herufi kubwa zote; SUN4M ni aina ya mashine yako. TFTP, huduma ambayo Sun italivutia faili hilo, nayo iwe inatoa mafaili kutoka folda hiyohiyo.

Ukipatia, utaona tarakimu zinakimbia kwenye skrini. Hapo boot.net itamuuliza bootparamd, programu nyingine ya kuwasha kwenye laptopu, folda kuu ya mfumo iko wapi, kisha itaifuata kwa NFS, njia ya kusoma mafaili ya kompyuta nyingine kupitia mtandao. NFS ya kizee huongea kwa UDP, na Linux za siku hizi huwa zimeizima hiyo UDP: weka udp=y chini ya [nfsd] kwenye nfs.conf, na no_root_squash kwenye /etc/exports ili Sun iruhusiwe kama msimamizi (root).

Ikigoma tena, endesha tcpdump, programu ya kusikiliza mtandao, kwenye laptopu kabla hujagusa kebo hata moja, kisha uniandikie ulichokiona.