Nilimwacha rafiki yangu abebe aibu yangu

"Shikamoo Shangazi. Nauza mitumba Kiborloni, na nilikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu. Michango ya mabati, shilingi 480,000, niliinunulia belo nikijua nitairudisha. Belo likatoka bovu. Hesabu zilipoulizwa nikanyamaza, lawama ikamwangukia rafiki yangu aliyekuwa akiandika daftari. Ameacha kwaya. Mimi nimeshatubu kwa Mungu, shetani alinipitia tu. Kuna haja ya kumwambia? Mwenye aibu, Moshi."

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimekwama hapo kwenye "shetani alinipitia tu". Tunalisema sana neno hili, hata mbele ya balozi wa nyumba kumi. Lakini shetani hakwenda Kiborloni kuchagua belo, ulikwenda wewe. Na siku daftari lilipofunguliwa mbele ya wanajumuiya, mdomo uliofungwa ni wako. Kwangu mimi hilo la pili ndilo zito zaidi. Pesa hurudi. Mwenzio ameshaonekana mwizi na watu anaosali nao.

Unauliza kama toba kwa Mungu haitoshi. Msome Yuda katika Mathayo 27: alijuta, akarudisha vile vipande 30 vya fedha, akakiri kosa. Ila alikiri kwa makuhani walewale walionunua usaliti wake, nao wakamwambia hayo ni yake mwenyewe. Akaondoka peke yake. Petro naye alimkana Bwana mara tatu huku akiota moto wa makaa, akalia sana, lakini alibaki na wenzake. Katika Yohana 21 yuko ana kwa ana na yule aliyemkana, tena penye moto wa makaa, anaulizwa mara tatu kama anampenda. Swali lilimuumiza, na hakukimbia.

Nenda kwake kabla ya jumuiya ijayo. Usipige simu, wala usimtume mchungaji akutangulie. Sema "nilichukua", usiseme "zilipotea". Kisha kwenye jumuiya useme wewe, jina lake lisafishwe palepale lilipochafuliwa, na utaje utalipa kiasi gani kila mwezi. Huenda asikusamehe siku hiyo. Ni haki yake, usimbane kwa mistari ya Biblia. Na usiku ukikuelemea hadi uone heri ufe, usikae peke yako, mwamshe mtu.

Akikufungulia mlango, anza na lile la daftari. Pesa baadaye.