Utafiti wa kupima saratani ya shingo ya kizazi, Moshi mjini na Same vijijini

Mdogo wangu, umesema msimamizi wako anataka ulinganishe wamama wa Moshi mjini na wa vijijini Same, nani anapima saratani ya shingo ya kizazi na nani hapimi, na hujui uanzie wapi. Usianze na lile swali la "unazijua dalili?", kila mwanafunzi ameshaliuliza na mtu anajibu ndiyo tu ili umalize uondoke. Uliza nauli bana. Uliza alitoka nyumbani saa ngapi, mtoto alimwachia nani, na alipofika kituoni kama hakuambiwa nesi wa kupima yuko semina rudi wiki ijayo, hapo ndo pengo lilipo, maana kipimo chenyewe cha siki (wanapaka siki kwenye shingo ya kizazi na kuangalia kama rangi inabadilika) ni dakika chache na majibu anapewa palepale, hakuna kusubiri maabara. Mi nilienda kijiji kimoja siku ya gulio nikakaa kutwa nikapata wamama watatu, kumbe wengine wote wako sokoni wanauza (na ndala zikakatika, acha tu).

Halafu chanjo ya HPV, kile kirusi kinacholeta saratani hii, usiichanganye na upimaji. Kilimanjaro walianza majaribio 2014, nchi nzima 2018 kwa mabinti wa miaka 14, sasa mama wa miaka 40 chanjo ilimpita kabisa, kwake yeye kilichobaki ni kupima.

Kibali cha maadili ya utafiti omba leo leo, kinachelewa. Ukifika kijijini anza kwa mtendaji, ila atakayekufungulia milango ni mhudumu wa afya wa jamii.