Je, chembe za polima (molekuli ndefu zenye vipande vinavyojirudia) zinazobeba dawa hubaki mwilini?

Hapana, zile za PLGA, aina moja ya polima, hazibaki. Maji ya mwilini huzikata polepole, kwa wiki au miezi, hadi zigeuke asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki. Hiyo ya laktiki misuli yako huitengeneza yenyewe kila ukikimbia! Nyuzi za kushonea vidonda zimetumia polima za jamii hii tangu miaka ya 1970.

Kubeba jeni hadi ndani ya seli ndiko kugumu. DNA, inayounda jeni, ina chaji hasi, hivyo yahitaji polima yenye chaji chanya ya kuishika. Mojawapo, iitwayo PEI, huishika vizuri, ila hudhuru seli na haivunjiki kirahisi. Mimi matumaini yangu yako kwa polima za beta-amino esta: huishika DNA, kisha huvunjika ndani ya seli na kuiachia.